Fundi anaandika "beringi", ukurasa unamletea betri

Dada, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 22, niko Tanga. Tangu nimalize chuo mwaka jana namsaidia mjomba dukani kwake, duka la vipuri vya pikipiki. Wateja wetu wakubwa ni mafundi wa bodaboda. Asubuhi wanapiga simu mfululizo kuuliza kitu fulani kipo au kimeisha, na mjomba anapokea simu huku watu wamemsimamia kaunta. Nikaona nimtengenezee ukurasa: fundi aandike jina la kipuri, aone kama kipo na bei yake, akitaka aagize, akija akute kimeshafungwa.

HTML na CSS, lugha za kuunda na kupamba ukurasa, nilijifunza mwenyewe kwa simu, baadaye nikapata laptop iliyotumika. JavaScript, lugha ya kuufanya ukurasa utende kazi, mwanzoni haikunisumbua. Nilitengeneza kikokotoo, nikatengeneza menyu ya kufungua na kufunga, nikajiona nimefika. Nilipoanza mambo ya kuomba data kwa seva (kompyuta inayotunza orodha na kuitikia maombi) ndipo nilipokwama, na huu ni mwezi wa pili.

Nilitaka bei itokee, ikatokea [object Promise]. Nikabadilisha, ikawa undefined. Mstari wa chini unafanya kazi kabla ya mstari wa juu. Somo moja linafundisha XMLHttpRequest, la pili .then, la tatu await, na kila mwalimu anasema njia yake ndiyo yenyewe. Nikawa nanakili huku na huku mpaka ikakubali.

Kwenye laptop yangu, ambako ndiko na seva ya majaribio iliko, kila kitu ni sawa. Nikaiweka mtandaoni, nikawapa mafundi watatu waijaribu. Mmoja akiandika "beringi" anaona betri. Mwingine alibonyeza "Agiza" kwenye klachi pleti, hakuona kitu, akabonyeza tena. Mjomba akafunga seti mbili. Fundi alipofika akasema aliagiza moja, wakabishana mbele ya wateja. Mjomba hakunigombeza, ila nilimwona anairudisha ile seti ya pili rafuni bila kusema neno. Dada, niliona aibu.

Ndugu mmoja ninayesoma naye ananiambia niachane na hayo, niruke moja kwa moja kwenye React, maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa, huko mambo yote yanajipanga yenyewe. Ni kweli? Au ni kichwa changu tu hakikuumbwa kwa kazi hii?

Mdogo wako, Tanga.

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na klachi pleti, maana hiyo ni hela ya mtu na haiwezi kungoja umalize kujifunza.

Fundi alibonyeza mara ya pili kwa sababu ukurasa ulikaa kimya. Hakukosea. Mtu akiita asipoitikiwa, anaita tena. Kwa hiyo kitufe kikibonyezwa tu, kabla ombi halijaondoka, kizime kwa disabled = true na maandishi yake yageuke yawe "Inatuma agizo…". Jibu likirudi, liwe zuri au baya, kiwashe tena ndani ya finally (sehemu ya msimbo inayotekelezwa kwa vyovyote), la sivyo mtandao ukikatika kitabaki kimezimwa na fundi hana la kufanya.

Hilo peke yake halitoshi, na hapa ndipo wengi huishia. Agizo linaweza kufika kwa seva salama kabisa, halafu jibu lake likapotelea njiani. Fundi anaona "imeshindikana", anabonyeza tena kihalali, na seti ya pili inafungwa vilevile. Dawa yake ni kila agizo kuwa na namba yake ya kipekee. Ukurasa uitengeneze mara moja fundi anapoanza kuagiza (crypto.randomUUID() inakupa, ilimradi ukurasa uko kwenye https), na akirudia kubonyeza iende namba ile ile. Seva ikiona namba iliyokwisha kuipokea, isiandike agizo jipya, irudishe tu jibu la lile la kwanza. Fanya hivyo leo, haya mengine usome kesho ukipenda.

Sasa twende dukani kwa mjomba, maana hili somo linalokutesa unaliona kila siku kwa macho yako.

Kaunta ni moja na mjomba ni mmoja. Fundi akitaka beringi ambayo haiko rafuni, mjomba hawaachi watu wamesimama akaenda kuitafuta. Anamtuma kijana stoo, anamwandikia fundi kikaratasi, anamwomba akae pembeni, anamwita anayefuata. JavaScript ndani ya kivinjari inafanya kazi namna hiyo hiyo. Mtendaji ni mmoja na hashiki mambo mawili kwa pamoja. Ukiandika fetch, amri ya kuomba data kwa seva, umemtuma kijana stoo. Na kile kikaratasi unachobaki nacho mkononi ndicho Promise, yaani ahadi.

Kikaratasi si beringi. Huwezi kukifunga kwenye gurudumu. Wewe ulichukua kikaratasi ukakibandika mahali pa bei, na ukurasa ukakuonyesha hicho hicho ulichoupa: [object Promise]. Ile undefined nayo ni kwamba ulichungulia kigeu kabla kijana hajarudi, ukakuta bado hakijawekwa kitu.

Kuna jambo dogo hapa linalofungua mengi. Kijana akirudi na beringi akamkuta mjomba anahesabu chenji ya mteja mwingine, hamkatizi. Anasimama pembeni mpaka mjomba amalize alichoshika. Fungua konsoli (dirisha la kivinjari la kujaribia msimbo) uandike mistari hii mitatu, na kabla hujabonyeza Enter andika kwa kalamu unadhani itatoka kwa mpangilio gani:

console.log("moja");
setTimeout(() => console.log("mbili"), 0);
console.log("tatu");

Inatoka moja, tatu, mbili, japo tumeweka sifuri. Sifuri pale haina maana ya "sasa hivi". Ina maana ya "ukishamaliza ulichoshika". Kwa sababu hiyo hiyo, ukimpa mtendaji hesabu ya kumchukua sekunde tano bila kupumua, ukurasa unaganda: vitufe haviitiki. Hayupo mtendaji wa pili wa kuitikia.

Na await? Hiyo inasema: funksheni hii isimame hapa mpaka kikaratasi kilipwe, wengine waendelee. Inasimama funksheni ile tu, duka halifungwi. Ila kumbuka kwamba funksheni yoyote uliyoiwekea async hurudisha kikaratasi, hata kama mwisho wake umeandika return 5000. Karibu nina hakika kosa lako la kwanza lilikuwa hapo: una pataBei() yenye async, halafu mahali pengine ukaandika bei.textContent = pataBei(). Weka await mbele ya pataBei(), na hapo ulipoiitia nako kuwe ndani ya funksheni ya async.

Kuhusu walimu wako watatu, hawapingani, wamefundisha zama tofauti. XMLHttpRequest ililetwa na Microsoft ndani ya Internet Explorer 5 mwaka 1999. Februari 2005 Jesse James Garrett akaupa mtindo huo jina la Ajax, wakati Gmail na Google Maps zikiwa zimeshawaonyesha watu kuwa ukurasa unaweza kubadilika bila kupakiwa upya. Promise iliingia rasmi kwenye lugha mwaka 2015, async na await mwaka 2017. Andika kwa fetch na await. Ile .then jifunze kuisoma, utaikuta kila mahali, na await yenyewe imejengwa juu ya ahadi zile zile. XMLHttpRequest itambue tu ukikutana nayo. Na ukifungua somo lolote, tazama kwanza liliandikwa mwaka gani.

Mtego mwingine ambao hujaniandikia, lakini nakuhakikishia umo kwenye msimbo wako. Kijana akienda stoo akarudi mikono mitupu akasema "hakuna kitu kama hicho", kwa fetch hiyo ni safari iliyofanikiwa. Alikwenda, akafika, akarudi na jibu. Ndiyo maana seva ikirudisha 404 (hakipatikani) au hata 500 (seva yenyewe imekwama), catch yako, sehemu ya kunasa makosa, haishtuki. Inashtuka pale kijana aliposhindwa kufika kabisa: mtandao umekatika, seva haifikiki. Wewe mwenyewe ndiye wa kuuliza if (!jibu.ok). Halafu hata akirudi na boksi, bado boksi halijafunguliwa, jibu.json() nayo inarudisha kikaratasi. Kwa hiyo await zinakuwa mbili, na ukisahau ya pili unarudi kulekule ulikoanzia.

Tuje kwenye betri. Hili nataka tukae nalo, kwa sababu si kosa la kisintaksia, konsoli haitoi rangi nyekundu, na mtu anaweza kuishi nalo mwaka mzima akilaumu simu za wateja.

Fundi anaandika b, e, r, i, n, g, i. Kila herufi, ukurasa wako unatuma ombi. Yaani mjomba ametuma vijana saba stoo, mmoja nyuma ya mwingine. Aliyetoka kwanza si lazima arudi kwanza. Aliyeagizwa kila kinachoanza na "be" ana mzigo: betri zote, beringi zote. Anachelewa. Aliyeagizwa "beringi" ana kitu kimoja, anawahi. Ukurasa unaonyesha beringi vizuri kabisa, kisha baada ya sekunde moja yule wa "be" anaingia na mzigo wake, anaumwaga juu ya kaunta, unafunika kila kitu. Kwenye simu ndogo betri ndizo zinajaza skrini, beringi ziko huko chini. Kwako hukuliona kwa sababu seva iko ndani ya laptop hiyo hiyo. Vijana wote wanarudi kabla hujanyanyua kidole.

Dawa ni kumpa kila kijana namba ya zamu. Akirudi, kabla hajaweka kitu kaunta, aulizwe: wewe ndiye wa mwisho kutumwa? Kama siye, mzigo wake haupokelewi. Nimekuandikia, na majina nimeyaweka kwa Kiswahili kwa makusudi, ili uone yapi ni maneno ya lugha ya JavaScript na yapi tumeyapanga wenyewe (hali ni kisanduku cha kumweleza fundi kinachoendelea, onyesha ni funksheni yako ya kuchora orodha):

let zamu = 0;

async function tafuta(neno) {
  const yangu = ++zamu;
  hali.textContent = "Inatafuta…";
  try {
    const jibu = await fetch("/vipuri?neno=" + encodeURIComponent(neno));
    if (!jibu.ok) throw new Error("Seva imerudisha " + jibu.status);
    const orodha = await jibu.json();
    if (yangu !== zamu) return;
    onyesha(orodha);
    hali.textContent = orodha.length ? "" : "Hatuna kipuri cha jina hilo.";
  } catch (kosa) {
    if (yangu !== zamu) return;
    hali.textContent = "Hatukuweza kupata orodha. Angalia mtandao, kisha jaribu tena.";
  }
}

Soma mstari wa if (yangu !== zamu) return mpaka uweze kumweleza mtu mwingine kwa nini uko chini ya await zote mbili na si juu yake. Ukiuweka juu utakuwa umeuliza swali kabla muda haujapita, na wakati huo kila kijana ni wa mwisho.

Juu ya hapo, punguza vijana. Usitume ombi kwa kila herufi, subiri fundi atulie kama milisekunde 300 ndipo utume. Ni setTimeout moja, na clearTimeout kila anapogusa herufi nyingine. Kuna pia AbortController, ya kumrudisha kijana akiwa bado njiani. Inafaa kwa mtu anayelipia bando, lakini ijifunze baadaye. Na usidhani kupunguza maombi kunaondoa haja ya zamu. Mawili tu yanatosha kupishana njiani.

Ndani ya onyesha, majina ya vipuri yaweke kwa textContent, si innerHTML. Siku moja orodha itajazwa na mtu mwingine, na innerHTML inachukua maandishi yoyote kuwa HTML, hivyo msimbo uliofichwa ndani yake unaweza kutekelezwa.

Umeona kwamba hali imeandikwa mara tatu katika funksheni fupi namna ile: tunatafuta, hatuna, tumeshindwa. Masomo mengi yanaonyesha lile la nne tu, "tumepata", kwa sababu mwalimu ana intaneti ya kasi na seva yake haizimiki. Wateja wako wako chini ya mwembe, skrini imepigwa na jua, mkono mmoja una grisi. Mtafiti Jakob Nielsen aliandika mwaka 1993 kwamba jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde mtu huona ni papo hapo, ikipita sekunde 1 mtiririko wa mawazo yake huanza kukatika, ikipita 10 huhamia kwenye jambo jingine. Kwenye mtandao unaosuasua utaipita hiyo sekunde kila siku. Basi muda wa kusubiri nao ni sehemu ya ukurasa, uupange kama unavyopanga rangi na vitufe. "Hatuna" na "tumeshindwa" usiziunganishe kamwe. Fundi akisoma "hatuna" ataenda duka la jirani, na pengine beringi mjomba anayo. Kisanduku cha hali kipe pia role="status", ili hata asiyeona, anayesomewa na simu yake, asikie kinachoendelea.

Mazoezi ufanye hivi, na hayatakula bando. Mstari huu mmoja unakutengenezea stoo ya uongo:

const subiri = (ms) => new Promise((timiza) => setTimeout(timiza, ms));

Badala ya fetch, andika funksheni yako inayofanya await subiri(Math.random() * 3000) kisha inarudisha orodha uliyoiandika kwa mkono. Mara moja moja ifanye itupe kosa. Tumia hiyo hadi ukurasa ukufae, ndipo urudishe fetch ya kweli. Baada ya hapo fungua zana za wasanidi ndani ya kivinjari, nenda sehemu ya mtandao, chagua mtandao wa polepole, uandike "beringi" haraka haraka. Kisha zima mtandao kabisa katikati ya ombi, utazame ukurasa unasema nini. Hili zoezi la mwisho lifanye kila mara kabla hujampa mtu kitu chochote ulichotengeneza.

Siku utakayohitaji vitu viwili ambavyo havitegemeani, tuseme bei na idadi iliyobaki, usimtume kijana mmoja, umngoje, ndipo umtume wa pili. Watume pamoja, uwasubiri wote kwa await Promise.all([bei(), idadi()]). Ila jua kwamba mmoja akishindwa, yote inahesabika imeshindwa.

React ni kifaa kizuri na utakifikia. Inakusaidia kuchora ukurasa upya data ikibadilika. Haijui ni jibu lipi limechelewa njiani. Ukiomba data ndani ya useEffect (mahali pa React pa kufanyia kazi kama hizo) bila kusafisha nyuma yako, betri zitaifunika beringi vilevile, na safari hii zitakuwa zimejificha chini ya tabaka jingine ambalo nalo hulijui vizuri. Maliza kwanza ukurasa huu wa mjomba kwa JavaScript tupu.

Na kichwa chako hakina tatizo. Umetengeneza kitu, ukakiweka mikononi mwa watu, ukaandika kwa usahihi kilichoharibika, nani alibonyeza nini na akaona nini. Nina wenzangu wa miaka mingi kazini ambao taarifa zao za makosa hazifikii barua yako.

Ukimaliza kuweka zamu na namba ya agizo, mtafute fundi yule yule wa beringi. Mpe simu yake mwenyewe, si yako. Simama nyuma yake, usimwelekeze chochote, utazame kidole chake kinapotaka kubonyeza mara ya pili.